Mzee, Usikimbilie Rangi Mpya

Leo nazungumza nawe mstaafu wa Garissa, mwenye Land Rover kuukuu chini ya mwarobaini, ambaye sasa asubuhi zako ni zako mwenyewe.

Pitisha kiganja juu ya boneti. Je, kimetoka na unga? Basi jua limekwisha kula kile kilichoshikanisha rangi, likaacha chembe tupu. Ukipaka rangi mpya juu ya unga huo itabanduka. Osha vumbi, kisha jaribu dawa ya kung'arishia mahali padogo. Mara nyingi rangi ya zamani ingali hai chini yake, nawe umeokoa fedha ya kiinua mgongo.

Palipokwisha kabisa, sugua kwa msasa wa maji. Msasa mkavu, hapana! Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Wajukuu wakae mbali, nawe funika pua. Na maji yale machafu usiyamwage wanapochezea.

Tena, tangu Land Rover ya kwanza, mwaka 1948, sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu. Haioti kutu nyekundu bali unga mweupe, hasa inapogusana na chuma. Rangi haiishiki vizuri mpaka utangulize praima yenye tindikali kidogo, inayouma bati.

Paka alfajiri, kabla ya upepo. Mchana wa Garissa rangi hukauka hewani kabla haijafika. Wiki hii fanya mlango mmoja tu, hakuna anayekungoja.