Faini ya Mwendo wa Kasi na Amana ya Mwenye Gari

Vijana wengi wa Temeke na Kinondoni hutafuta riziki yao katika usukani. Wako washikao daladala za Mbagala na Tegeta, wako waliokabidhiwa motokaa za wazee wao, na wako madeiwaka, yaani wale washikao gari kwa siku moja dereva mwenyewe anapopumzika. Kazi hii ni ya halali. Lakini limo ndani yake jambo ambalo wazazi na vijana hulidharau, nalo ni faini ya mwendo wa kasi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mpaka wa kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Barabara ya Kilwa na ile ya Bagamoyo ni pana, na kijana aonapo nafasi mbele yake husahau kwamba kando yake pana soko, shule na msikiti. Askari mwenye tochi ya kupimia mwendo humsimamisha, akamwandikia. Mwaka 2021 Serikali iliwapunguzia bodaboda na bajaji faini kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, lakini mwenye motokaa alibaki na 30,000 kwa kila kosa.

Watu husema fedha hizo si kitu. Kwa nani? Deiwaka hupata ujira wake baada ya kutoa mafuta na hesabu ya tajiri, na faini moja yaweza kumeza jasho lake la siku nzima. Tena faini huingizwa katika mitambo ya polisi pamoja na namba ya gari. Kijana akinyamaza, deni hubaki juu ya gari, na likicheleweshwa huongezeka. Siku moja mwenye gari husimamishwa njiani, namba ikaangaliwa, akaambiwa anadaiwa kwa makosa asiyoyajua. Hapo kijana hupoteza kilicho ghali kuliko faini, nacho ni kuaminiwa. Na mtaani habari za dereva asiyeaminika hazichelewi kufika.

Qurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa aya ya 58, yatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Gari la mtu ni amana, na habari ya faini iliyoandikwa juu yake ni sehemu ya amana hiyo. Basi yampasa kijana amweleze mwenye gari siku ile ile, wala asingoje iulizwe.

Wengine hudhani njia fupi ni kumpa askari chochote ili asiandike. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji kama mpokeaji, na Mtume (s.a.w.) amewalaani wote wawili. Aonaye kwamba ameonewa anayo njia ya haki: alikatae kosa, shauri liende mahakamani.

Na hiyo haraka yamfaa nini? Katika safari ya kilomita 10, mwendo wa 50 huchukua dakika 12, na mwendo wa 80 huchukua dakika saba na nusu. Faida ni dakika nne na nusu, nazo humalizwa na foleni moja tu. Lakini gari la mwendo wa 80 hugonga kwa nguvu iliyozidi mara mbili na nusu ile ya mwendo wa 50. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Faini hulipika, roho ya mtoto avukaye kwenda madrasa hailipiki.

Wala lawama si ya kijana peke yake. Tajiri adaiye hesabu isiyopatikana ila kwa kukimbizana naye anasukuma mguu wa dereva. Mzazi ampaye mwanawe ufunguo bila ya kumuuliza jioni amepitaje njiani, naye ana fungu lake. Enyi wazazi na matajiri, wekeni hesabu ya haki, tazameni madeni ya magari yenu kila mwezi, na kijana ajapo kusema kweli juu ya faini yake, msimfukuze kwa kusema kweli. Mkimfukuza, atakayemfuata atajifunza kuficha.