Umerudi Tanga kutoka Oman? Hesabu miezi yako ya NSSF

Ulifanya kazi kiwandani Tanga miaka 6 ukikatwa NSSF, kisha ukaenda zako Muscat. Sasa umerudi, umefungua duka Ngamiani, mwajiri huna. Je, unaruhusiwa kuchangia tena?

Ndiyo. NSSF inapokea pia waliojiajiri: mvuvi, dereva wa bajaji, mama lishe, mkulima wa Muheza. Tofauti ni kwamba mchango wote unatoa mwenyewe, hakuna bosi wa kukuongezea.

Cha kuangalia ni miezi. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Si lazima iwe mfululizo.

Miaka yako 6 ni miezi 72. Imebaki 108, sawa na miaka 9. Ukianza na umri wa miaka 45, utatimiza ukiwa na 54. Kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima ni 60. Lakini ukianza na 55, utafika 60 bado hujatimiza. Hapo unalipwa mkupuo mara moja tu, si pesa ya kila mwezi.

Miaka ya Oman haihesabiki kama hukuchangia NSSF ukiwa huko. Na kama ulichukua michango yako yote kabla ya kusafiri, unaanza upya.

Usijiandikishe mara ya pili. Nenda ofisi ya NSSF Tanga na namba ya NIDA pamoja na namba yako ya zamani ya uanachama, uombe taarifa ya michango. Ukishajua miezi iliyobaki, ndipo upange kiasi cha kuchangia.