MAJI MATAMU YAPITAYO CHINI KWA CHINI HADI BAHARINI



Mtoto wa Mbaha akichimba mchanga hatua chache kutoka ufukweni, muda si mrefu shimo hujaa maji. Wengi hudhani ni maji ya ziwa yaliyopenya. Huenda ikawa kinyume chake: ni mvua iliyonyesha kwenye miinuko, ikanywewa na ardhi, na sasa inateremka taratibu kuelekea Ziwa Nyasa. Kwa kuwa ziwa letu nalo ni la maji matamu, hatuoni tofauti.

Pwani ya bahari tofauti huonekana. Huko Kenya, karibu na Watamu, ipo Hori ya Mida. Hakuna mto hata mmoja unaoingia humo, lakini mikoko imestawi. Inaponea wapi? Maji matamu hupenya kwenye mawe ya matumbawe na kutokea horini, hasa bahari inapokupwa, na kupunguza ukali wa chumvi. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, ndiyo maana huelea juu yake, hata ndani ya ardhi.

Maji hayo hayaji mikono mitupu. Hubeba naitreti kutoka ardhini, ambayo ni chakula cha mikoko na majani ya bahari wanamojificha samaki wachanga. Kidogo ni neema. Yakipita kwenye vyoo vya shimo na mashamba yenye mbolea nyingi, chakula huzidi, mwani hutambaa juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga. Mawe ya matumbawe yana matundu na mapango, hivyo uchafu hupita upesi bila kuchujwa. Mchanga huchuja vizuri zaidi, ingawa nao una kikomo.

Liko na tatizo jingine. Watu wakivuta maji mengi mno visimani, msukumo wa maji matamu hupungua na bahari hurudi nchi kavu. Visima vya baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam vimeingiwa na chumvi kwa namna hiyo.

Sisi wa Nyasa hatutapata chumvi, ila choo kikichimbwa juu ya kisima, uchafu huteremkia kisimani, kwenye maji tunayonywa na kutawadhia, kisha ziwani wanakozaliana samaki. Umbali unaopendekezwa ni mita 30 au zaidi, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko.