Kontra ya mtoto wa mbwa: tuisome kama tunavyosoma kontra ya kazi

Mu Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, mtu hawezi kuamka asubuhi akasema ninataka mbwa, na mangaribi akarudi naye ku nyumba. Kwanza anapewa karatasi inayoeleza mahitaji ya mnyama, matunzo yake na makuta atakayoomba. Anaandika kwa mkono wake kwamba ataheshimu mahitaji ya mnyama, anasinya, kisha anangoja siku 7. Siku hizo zikipita, njo anaweza kwenda kubeba mbwa wake. Sheria ya tarehe 30 Novemba 2021 njo ilileta mambo haya, na ileile ilikataza maduka ya wanyama kuuza mbwa na paka tangu Januari 2024.

Wandugu watacheka: sendika na mbwa, wapi na wapi? Lakini wengi wetu tuko na mbwa mu parseli, juu baba akiingia ekipi ya usiku, mama anabaki peke na watoto, na mbwa njo mlinzi. Tena kontra ni kontra. Mtu aliyezoea kusomea wenzake makaratasi mbele ya kusinya, akisoma zile za wafugaji wa mbwa wa kule, anakutana na vitu vizuri vyenye sisi tungetaka, na mitego yenye tunaijua tayari.

Tuanze na vizuri. Mu Ufaransa mtoto wa mbwa hauzwi mbele hajatimiza wiki 8. Lazima awe na namba yake, mu tatuaje ao mu kidude kidogo chenye kuingizwa chini ya ngozi, ili ijulikane ni yeye na si mwingine. Mnunuzi anapewa karatasi ya daktari wa wanyama, na karatasi ya kuuziwa yenye kusinywa. Kisha kunakuja siku za kulalamika, na hapa sheria haicheki. Kwa parvovirusi, ule ugonjwa wa kuhara damu, daktari lazima aandike wasiwasi wake mu siku 5 tangu mbwa alipotolewa. Kwa ugonjwa wa Carré ni siku 8. Kwa tribinali ni siku 30. Ukichelewa, njia hiyo inafungwa, hata kama haki ilikuwa yako. Wenye waliwahi kupeleka malalamiko ya kazi nyuma ya muda wanajua ile uchungu.

Kwa nini siku 5? Juu parvo inakaa mu mwili siku chache tu mbele ya kujionyesha. Mbwa akiugua siku ya tatu, alikuja nao kwa muuzaji. Akiugua mwezi wa pili, labda aliutosha ku njia yako mwenyewe. Ni hesabu ya haki kwa pande mbili.

Mu Uingereza walipita njia ingine. Mwaka 2012, shirika la RSPCA pamoja na mfuko wa madaktari wa wanyama walitoa kontra ya mfano, yenye kila mtu anaweza kutumia bila kulipa. Mfugaji anajibu kwa maandishi: mama wa mtoto ni nani, wamepimwa magonjwa gani ya kurithi, chanjo gani, dawa gani ya minyoo, mtoto alizoeshwa nini. Mfugaji wa kweli anajaza haraka, juu majibu iko nayo. Mwenye kukaa kununua na kuuza anaanza kutafuta maneno. Tangu Aprili 2020, kule England sheria inakataza mtu wa katikati kuuza mbwa mwenye hajatimiza miezi 6: mnunuzi anaenda penye mbwa alizaliwa, na anamwona pamoja na mama yake.

Mu Amerika, wafugaji wazuri wanaweka kipengele kimoja chenye mimi ninaona kinapita vingine vyote. Kinasema: ukishindwa kumchunga huyu mbwa, mwaka wowote, kwa sababu yoyote, usimuuze, usimtupe, mrudishe kwangu. Maisha yake yote. Mfugaji mwenye kusinya maneno hayo hawezi kuzalisha mbwa mia kwa mwaka, juu hao mia wanaweza kurudi. Karatasi inamfunga yeye mbele ya kukufunga wewe.

Sasa mitego. Kontra zingine zinasema: mbwa akionekana na ugonjwa wa nyonga, mfugaji atakupa mwingine, lakini kwanza urudishe huyu wa kwanza. Nyonga inaweza kujionyesha nyuma ya mwaka mzima ao zaidi. Watoto wamelala naye, wamempa jina, nani atamrudisha? Mwenye kuandika hivyo anajua hakuna mtu atarudi. Zingine zinasema garanti inakufa usipomlisha chakula cha marke fulani. Nyingine zinaacha jina la mfugaji pamoja na lako ku karatasi za mbwa, na ukisoma vizuri unakuta unalipa yote, yeye anachukua watoto. Ni sawa na bonasi yenye masharti kumi chini ya ukurasa. Muwe mnasoma chini ya ukurasa.

Na kwetu? Kwetu mtoto wa mbwa anauzwa kando ya barabara, mu karto, ana wiki nne ao tano, mama yake haonekani. "Beba tu, papa, iko muzuri." Siku tatu, anahara damu, amekufa, na muuzaji amehama. Parvo inabaki mu udongo wa parseli miezi mingi, na mbwa wa pili anakufa hapohapo. Hiyo ni hasara ya makuta. Kichaa cha mbwa ni hasara ingine: alama zikitokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe na maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku ileile, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Sheria ya kutegemea tuko nayo. Dekre ya tarehe 30 Julai 1888, kwa artikle yake ya 33, inasema mapatano yaliyofanywa kisheria ni sheria kwa wale waliyoyafanya. Dekre hiyohiyo inamfanya muuzaji ajibu kwa ubovu uliofichika, ila mnunuzi asikawie kulalamika. Basi ukurasa mmoja wa kaye unatosha, nakala mbili. Andikeni majina yenu wawili na parseli ya muuzaji, tarehe mbwa alizaliwa, kama mama yake alionekana, bei, na kwamba akiugua mu siku 5 na daktari akaandika, makuta yanarudi. Bei ikiwa kubwa, ongezeni kwamba muuzaji atamkubali akirudishwa. Mita shahidi, hata jirani. Kaye ya chanjo iwe na tikete ya chupa na sinyatire ya daktari, juu tarehe tupu yenye kuandikwa na biki kila mtu anaweza kuiandika. Chanjo ya kichaa kwa kawaida inapigwa mbwa akiwa na wiki 12 hivi, kwa hiyo mwenye kukuambia mtoto wa wiki tano "amemaliza chanjo zote", mwachie mbwa wake.