Malaria iliishindaje klorokwini?

Bila shaka wakumbuka klorokwini, vile vidonge vichungu. Kwa miaka mingi vilitibu malaria, kisha vikashindwa. Tanzania Bara iliviacha mwaka 2001 na kutumia SP. Mwishoni mwa 2006 ikaanza dawa mseto ya ALu. Nini kilitokea?

Watu husema malaria "imezoea dawa". Sivyo. Katika mamilioni ya vijidudu mwilini, vichache huzaliwa na tofauti ndogo inayovikinga. Dawa huua vingine vyote. Hivyo vichache husalia, huzaana na kurithisha tofauti hiyo. Mbu huvibeba hadi nyumba nyingine, na hatimaye vilivyo sugu huwa ndivyo vingi. Wataalamu huliita jambo hili uteuzi asilia.

Basi ukiacha dawa siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, unaviachia vilivyo sugu nafasi ya kuzaana. Pima kwanza. Ukipewa ALu, ni dozi 6 kwa siku 3: maliza zote, pamoja na chakula. Usimgawie jirani vidonge, wala usiviweke akiba. Na familia nzima ilale ndani ya chandarua.