Injini yenye masizi: Je, mbio ni dawa?

Gari la spoti huundwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, lakini siku nyingi za maisha yake hupita katika foleni za mjini na katika safari fupi za kwenda kazini au dukani. Baada ya miezi kadhaa ya maisha hayo, injini huanza kukohoa, husita dereva anapokanyaga mafuta, na pengine hutoa moshi mweusi. Mwenye gari hilo, awe London, Muscat au Houston, huenda akapewa ushauri ambao mafundi wamekuwa wakiutoa kwa miongo mingi: litoe nje ya mji, likimbize, na masizi yataungua yenyewe.

Mafundi wanaozungumza Kiingereza wameupa ushauri huo jina la utani, "tyuni ya Kiitaliano". Wapo wanaouamini kuwa ni hekima ya gereji, na wapo wanaouona kuwa ni kisingizio cha kuvunja sheria za barabarani. Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Je, msemo huo una ukweli ndani ya injini? Swali si la mzaha, kwa kuwa anayelijibu vibaya anaweza kuua injini ya thamani kubwa, au kupoteza maisha barabarani.

Chimbuko la jina

Jina hilo linakumbusha miaka ya 1950 na 1960, wakati viwanda vya kaskazini mwa Italia vilipokuwa vikiunda magari ya spoti yaliyotamaniwa duniani kote. Mfano mmoja ni Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962, iliyoundwa Maranello, karibu na mji wa Modena. Injini yake ilikuwa na silinda 12 na ujazo wa lita 3 hivi, ikilishwa petroli na kabureta 6 za Weber. Mtambo wa aina hiyo ulipangwa kufanya kazi vizuri zaidi unapozunguka kwa kasi kubwa. Ukiendeshwa polepole mjini, uliweza kupata petroli nyingi kuliko ilivyoweza kuungua, na plagi zikafunikwa na masizi.

Inasimuliwa kwamba fundi aliyeletewa gari kama hilo hakuanza kwa kufungua injini. Aliipasha moto kwanza, kisha akaliendesha gari kwa nguvu katika barabara za nje ya mji. Aliporejea, injini ilikuwa ikinguruma bila kukwama.

Masizi yanatokea wapi?

Petroli inapoungua kikamilifu hutoa hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Ili hayo yatokee, kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua, au injini ikiwa bado baridi, sehemu ya kaboni iliyomo katika petroli hubaki bila kuungua na kugeuka masizi. Aliyewahi kutumia taa ya chemni analifahamu jambo hili: utambi ukipandishwa kupita kiasi, kioo huwa cheusi, ukirekebishwa, mwali hutakata.

Injini baridi hupewa petroli ya ziada kwa makusudi ili iweze kuwaka. Safari ya dakika 5 humalizika kabla injini haijapata joto la kutosha kuacha ziada hiyo. Oili kidogo inayopenya kando ya pistoni nayo huungua nusunusu na kuacha ukoko. Siku baada ya siku, ukoko huo hujijenga juu ya pistoni, kwenye vali na kwenye ncha za plagi.

Kwa nini joto husaidia?

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana katika plagi. Masizi hupitisha umeme. Yakiifunika kauri ya plagi, umeme hupita katika masizi hayo badala ya kuruka na kutoa cheche, na silinda hukosa kuwaka. Lakini ncha ya plagi inapofikia nyuzi joto 500 hivi za Selsiasi, masizi huungua na plagi hujisafisha. Ikipita nyuzi 900 hivi, plagi yenyewe huweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake, jambo linaloweza kutoboa pistoni.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji huunda plagi za viwango mbalimbali. Injini ya spoti huwekewa plagi inayopoteza joto haraka, ili iweze kustahimili mwendo mkali. Plagi hiyohiyo, gari likiwa katika foleni, hushindwa kufikia joto la kujisafisha. Hivyo basi, ushauri wa fundi wa zamani ulikuwa na msingi wa kisayansi: alikuwa akiirejesha plagi katika joto ambalo iliundiwa.

Hata hivyo, zama zimebadilika. Petroli ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi, ambayo nayo yaliacha majivu kwenye plagi. Uingereza ilikomesha uuzaji wa kawaida wa petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2000, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zikaachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuitumia katika magari, mwezi Julai mwaka 2021. Nchini Marekani, sheria inataka petroli iwe na dawa za kuzuia ukoko tangu mwaka 1995. Aidha, kompyuta imechukua nafasi ya kabureta katika kupima petroli. Tatizo ambalo mbio zilikuwa zikilitibu limepungua sana.

Kasi ya injini, si kasi ya gari

Hapa ndipo madereva wengi hukosea. Kinachounguza masizi ni joto la injini inayofanya kazi nzito, na wala si kasi ya magurudumu. Gari la spoti likiwa katika gia ya pili linaweza kufikisha mizunguko 5,000 kwa dakika na bado likawa chini ya kikomo cha barabara kuu za Uingereza, ambacho ni maili 70, yaani kilomita 112 kwa saa. Kupanda mlima kwa gia ndogo huleta matokeo hayohayo.

Kwa upande mwingine, kuinguruma injini gari likiwa limesimama hakufai kitu. Injini isiyobeba mzigo huunguza petroli kidogo tu, na joto linalopatikana ndani ya silinda halitoshi. Anayefanya hivyo huwasumbua majirani na kupoteza mafuta bure.

Pale dawa isipofika

Katika injini nyingi za zamani, petroli ilipuliziwa nyuma ya vali za kuingizia hewa, na kwa kufanya hivyo ilizisafisha. Lakini zipo injini ambazo petroli hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa na mfumo huo, na mwaka 1996 kampuni ya Mitsubishi iliurudisha kwa wingi katika magari ya kawaida. Toyota ikafuata na injini zake za D-4, ambazo wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani wanazifahamu vyema huko Dar es Salaam na Mombasa. Leo mfumo huo umeenea katika magari ya spoti.

Katika injini hizo, petroli haigusi kabisa mgongo wa vali ya kuingizia hewa. Vali hiyo hupokea mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini, na mvuke huo huganda ukawa ukoko mgumu. Moto wa silinda uko upande wa pili wa vali, kwa hiyo dereva akimbie saa nzima, ukoko utabaki palepale. Gereji nyingi huuondoa kwa kufungua njia ya hewa na kuupuliza kwa chembechembe za maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo hukwangua ukoko bila kuumiza chuma.

Magari ya dizeli yana habari tofauti. Mengi ya miaka ya karibuni yana kichujio cha masizi katika bomba la moshi, na kichujio hicho huundwa kikijua kwamba masizi yataunguzwa kwa joto la nyuzi 600 hivi. Safari ya dakika 15 au zaidi katika barabara kuu, kwa mwendo wa kawaida usiokatizwa, mara nyingi hutosha kukamilisha kazi hiyo.

Hatari zilizopo

Injini isikimbizwe kamwe ikiwa baridi. Mshale wa joto la maji hutulia mapema, lakini oili huchelewa kupata joto, na oili nzito haiwahi kufika panapohitajika. Kabla ya safari, oili na maji ya rejeta vikaguliwe.

Taa ya injini ikiwa inamweka kwenye dashibodi, gari lisikimbizwe hata kidogo. Ishara hiyo kwa kawaida humaanisha kwamba kuna silinda isiyowaka. Petroli ambayo haikuungua huingia katika chombo cha kusafisha moshi na kuungulia humo, na chombo hicho chenye bei kubwa huharibika. Moshi wa buluu nao ni dalili ya oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ya ringi au sili zilizochakaa, na mbio haziponyi chuma kilicholika.

Matairi ni jambo lingine linalosahauliwa, hasa kwa gari lililokaa muda mrefu bila kutumika. Mcheza filamu wa Marekani Paul Walker na rafiki yake aliyekuwa akiendesha walifariki dunia Novemba mwaka 2013 katika jimbo la California, wakiwa ndani ya Porsche Carrera GT. Safari yao haikuhusiana na kusafisha injini, lakini inatoa funzo. Wachunguzi walieleza mwaka 2014 kwamba chanzo cha ajali kilikuwa mwendo wa kasi usio salama, na kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka 9. Tairi kuukuu linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekwisha kukakamaa.

Kwa mwenye gari, basi, kinga ni nafuu kuliko tiba: kubadilisha oili kwa wakati, kutumia petroli bora, kuunganisha safari fupi kadhaa ziwe moja ndefu, na mara kwa mara kuiacha injini iliyokwisha kupata joto ifanye kazi yake katika barabara iliyo wazi, ndani ya sheria. Injini ikiendelea kukohoa baada ya hapo, swali la kumuuliza fundi ni petroli yake hupuliziwa wapi, na plagi zake zina rangi gani. Majibu hayo mawili yatamwonyesha mwenye gari kama tatizo lake ni la barabarani au ni la gereji.