Kupima Mzigo wa Klabu ya Shule juu ya Mazingira

Klabu za Malihai, zilizoanzishwa nchini mwaka 1980 na zenye makao yake Arusha, huwafunza wanafunzi kutunza miti na wanyamapori. Inafaa klabu ya namna hiyo ijiulize pia: shughuli zetu wenyewe zinayagharimu nini mazingira? Jibu hupatikana kwa mizani na hesabu. Macho hayatoshi, maana huona takataka tu.

Tuanze na chai ya mkutano. Mjini Arusha, penye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi. Kuchemsha lita 20 zilizo kwenye nyuzi 20 kwahitaji kilojuli 20 × 4.2 × 75, yaani 6,300. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli zipatazo 16,000, lakini tuseme mafiga matatu yanafikisha chunguni sehemu moja tu kati ya kumi. Zilizosalia hupotelea hewani. Basi chai hiyo hula kilo 4 za kuni, ambazo hutoa kilo 7 hivi za hewa ya ukaa. Mti mwingine ukikua mahali pa ule uliokatwa, huirudisha.

Sasa klabu inazuru Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye Mlima Meru. Tuseme basi linakwenda kilomita 60, kwenda na kurudi, likitumia lita moja kila kilomita 4. Kila lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 za hewa ya ukaa; lita 15 hutoa kilo 40, na hizo hazina mti wake. Mimi nisingeifuta safari. Basi hilo likibeba wanafunzi 10, kila mmoja hudaiwa kilo 4. Likibeba 40, kilo 1.